Hotuba Ndefu ya Sarikale

Zama hizo Waturuki walikuwa wakitawala kutoka mipaka ya Uajemi hadi ngome za Ulaya, na jina la Sultani wao lilitajwa kila Ijumaa juu ya mimbari zisizohesabika. Lakini mwaka huo, wa elfu moja na kumi na mbili tangu Hijra, milima ya Anatolia ilikuwa haina mwenyewe. Askari waliotoka vitani na bunduki zao za fatila, za kuwashwa kwa utambi, mabegani walikataa kuziweka chini. Walijichagulia viongozi, wakachoma miji, na kila kiongozi aliyepata farasi mia tatu aliona hakuna kinachomzuia kuitwa mfalme.

Katika mji wa Sarikale, mashariki ya milima hiyo, alikuwako fundi mmoja ambaye kwao si huko wala karibu na huko. Jina lake Shelali bin Kae, mzaliwa wa Siyu katika kisiwa cha Pate, mtoto wa wachonga milango. Alikwenda Makka kuhiji akiwa na miaka ishirini na miwili. Huko mjenzi mmoja wa Kituruki alimwona akitengeneza marufaa ya kuwekea msahafu kwa kisu kidogo tu, na safari ya kurudi Siyu ikaishia hapo. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mvi zimemfika hadi kwenye nyusi, na yeye ndiye fundi mkuu wa majengo ya wakfu ya Bibi Gulfidan.

Watu wa Sarikale walimheshimu, ila walimsengenya kwa jambo moja: hakuwa na maneno. Ukimsalimu, ataitikia. Ukimuuliza habari, atasema njema. Baada ya hapo utazungumza na ukuta.

Majengo yenyewe yalikuwa fahari ya mji. Palikuwa na msikiti wenye kuba moja kubwa na nusu kuba mbili zilizoiegemea, madrasa ya vyumba kumi na viwili, nyumba ya wagonjwa, hamamu ya kuogea, na jiko la maskini lenye mabomba manne ya moshi. Yote hayo ndani ya ukuta mmoja mrefu wa mawe. Bibi Gulfidan, mjane wa pasha, aliweka wakfu mali yake yote kuyajenga, na kazi ilichukua miaka tisa. Kilichokosekana ni mimbari tu. Kwa kanuni ya Waturuki, msikiti mpya hausaliwi Ijumaa mpaka ruhusa itoke kwa Sultani mwenyewe, na barua ya ruhusa ilikuwa haijafika. Kwa hiyo watu walisali humo sala tano, na siku ya Ijumaa walishuka kwenye msikiti wa kale sokoni.

Msikiti huo wa kale ulikuwa sasa majivu. Kara Budak, kiongozi wa waasi, alivunja ukuta wa mji mwanzoni mwa vuli. Waliowahi kukimbia walikimbilia ndani ya ukuta wa Bibi Gulfidan, watu mia nne na zaidi, wakafunga lango la chuma. Budak hakuhangaika kulivunja. Aliupanda mlima kwa utaratibu, akaukata mfereji wa maji, kisha akashuka kungoja.

Siku ya nane vichanga viwili vilikufa. Siku ya kumi na moja watu walikuwa wakilamba mawe ya hamamu asubuhi kwa ajili ya umande. Ndipo Budak alipokuja langoni na bendera ya kutaka maneno.

Alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu zilizopakwa hina na joho la manyoya ya mbweha ambalo, nasikia, alilivua kwenye mwili wa kadhi. Bibi Gulfidan alimsikiliza kutoka dirisha la juu ya lango. Alikuwa na miaka sabini na sita, amekauka kama kamba, lakini ulimi wake ulikuwa mbichi bado.

"Bibi," Budak alisema, "sitaki damu yenu. Nataka Ijumaa moja. Hotuba isomwe katika msikiti wako kwa jina langu. Likishatajwa, nawafungulia maji, na kila mtu aende kwake."

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na kila aliye ndani aliujua. Kutajwa katika hotuba ndiko kuwa mtawala. Miji mitatu ya jirani ilikuwa ikisubiri kuona upepo unaelekea wapi. Ikisikia kwamba Budak amesomewa hotuba chini ya kuba ile, ingefungua milango yake. Na siku jeshi la Sultani litakapofika, kila aliyeketi akaisikiliza hotuba hiyo atakatwa kichwa kama mwasi. Kukataa ni kufa kwa kiu wiki hii. Kukubali ni kufa kwa upanga mwezi ujao.

Bibi Gulfidan akacheka.

"Mwanangu Budak, utasomewa juu ya nini? Msikiti hauna mimbari. Tukuletee ngazi ya kuchumia zabibu? Kesho watu wa Erzurum waseme, yule mfalme wa ngaziii!"

Waasi wawili watatu nyuma yake waliinamisha nyuso kuficha meno. Budak aliwaona. Baba yake alikuwa mchunga ngamia, na tangu aanze kuitwa agha, yaani bwana mkubwa, kitu alichokiogopa kuliko risasi ni kuchekwa.

"Itengenezwe," alisema. "Ya kifalme. Na kila kitu kifuate sheria, asije mwanachuoni yeyote kusema Ijumaa yangu haikusihi, ni batili. Nawapa siku kumi na mbili. Kila siku ya kazi, viriba viwili vya maji. Kazi ikisimama, maji yanasimama."

Basi Shelali akaingia karakana na mbao za mjozi. Mimbari za Waturuki hao haziungwi kwa msumari wala gundi. Ni vipande vidogo vidogo vyenye ndimi na mifuo, kila kimoja kikimshika mwenzake, mpaka ubavu mzima unakuwa uwanja wa nyota. Viriba viwili kwa watu mia nne: funda moja kwa mtu mzima, mafunda mawili kwa mgonjwa. Mjumbe alikuwa ametumwa Erzurum kuomba jeshi kabla lango halijafungwa. Walichotaka ni kununua siku.

Kila asubuhi Budak alimtuma mtu wake kuja kukagua, na mtu huyo hakuwa mgeni. Aliitwa Toros, seremala wa Kiarmenia ambaye waasi walimteka kijijini kwake. Ndiye aliyejenga kiunzi cha mbao kilichobeba kuba wakati matofali yake yalipokuwa mabichi. Mwaka wa tatu wa ujenzi mihimili minne ya mjozi ilipotea, na Shelali akamfukuza Toros mbele ya mafundi wote kama mwizi.

Siku ya kwanza Toros alikizunguka kipande cha mimbari mikono nyuma.

"Nyota ya pembe kumi na mbili," alisema. "Ya pembe nane ingemtosha mchunga ngamia."

Shelali aliendelea kupiga randa.

"Ya pembe nane ni kazi ya siku tano," Toros aliendelea. "Mimi najua. Wewe unajua kwamba najua. Na ananiuliza kila jioni, Fundi. Ananiuliza, Toros, wanavuta miguu?"

"Unamjibu nini?"

"Namjibu kwamba yule Mzenji wa pwani ya mbali ni mtu wa haki kupita kiasi. Kila kipande anakipima mara tatu." Alikunja midomo. "Hajui ninavyocheka moyoni nikisema hivyo."

Alikuja siku ya pili, ya tatu, ya nne, na kila siku aliondoka bila kusema kama atawasaliti au la. Shelali alikonda zaidi kwa hilo kuliko kwa kiu.

Siku ya tisa ya kazi waasi walirusha kitu juu ya ukuta. Kilikuwa kilemba cha yule mjumbe wa Erzurum, na ndani yake mkono wake. Hapo uwanjani hakuna aliyelia. Machozi nayo ni maji. Watu walikaa chini palepale walipokuwa wamesimama.

Asubuhi iliyofuata Toros aliingia karakana na kufunga mlango.

"Jeshi haliji," alisema.

"Tumeona."

"Basi sikiliza. Mfereji wa maji alioukata Budak ni mkavu tangu mlimani hadi chini ya uwanja wako. Niliusafisha mwenyewe mwaka wa pili. Mtu anapita akitambaa. Kutoka hapo unateremka, na mwisho wake ni kwenye kinu cha kusaga, bondeni, nje kabisa ya kambi. Kuna walinzi ishirini, na usiku wanafungulia mbwa. Lakini Ijumaa adhuhuri kila mtu anataka kuwapo msikitini kumwona Budak akiwa mfalme. Kinuni watabaki wawili, na mimi, kwa kuwa mimi ni Mkristo, si mtu wa Ijumaa."

Shelali aliweka randa chini. "Unataka nini, Toros?"

"Ile mihimili minne."

"Ilionekana," Shelali alisema. "Ilikuwa chini ya lundo la chokaa, nyuma ya nyumba ya wagonjwa."

"Lini?"

"Mwaka uleule."

"Mwaka uleule!" Toros alikaa juu ya rundo la takataka za mbao. "Miaka sita sipati kazi mji wowote. Binti yangu alikataliwa kuolewa kwa jina la baba mwizi. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Niliona haya kurudi nyuma mbele ya mafundi."

"Basi toka nje sasa hivi useme. Kwa sauti. Waliobaki hai wasikie."

Shelali alitoka. Alisimama katikati ya uwanja, kwenye birika kavu la kutawadhia, akasema kwamba Toros hakuiba, kwamba yeye Shelali alijua hivyo miaka sita na akanyamaza, na kwamba anaomba radhi. Watu walimtazama kwa macho makavu. Ajuza mmoja aliyelala kivulini aliinua kichwa.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Una maji?"

Toros, aliyekuwa mlangoni, alianza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango. Alipomaliza alifuta macho. "Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kama harusi," alisema. "Haya. Tuwatoe watu hawa."

Walikaa na Bibi Gulfidan kupanga. Mfereji unapitisha mtu mmoja nyuma ya mwingine, na kuna wagonjwa wa kuvutwa kwa mikeka. Toros alikadiria: kutoka adhana ya adhuhuri hadi adhana ya alasiri, si chini ya hapo. Wanaume hamsini lazima wabaki msikitini, ili safu zisionekane tupu. Na Bibi Gulfidan alisema atakaa katika roshani ya wanawake, kwenye uwazi ambapo Budak atamwona.

"Mimi sitambai," alisema. "Nimejenga lango la dhiraa nane. Nitatoka kwa lango."

"Na hotuba?" Shelali aliuliza. "Hotuba ni robo saa."

Bibi alimtazama. "Anayesikiliza hotuba haruhusiwi kusema neno, hata kumwambia jirani yake anyamaze. Na wakati wa adhuhuri ukiisha kabla ya sala, Ijumaa imebatilika. Yeye mwenyewe ametaka kila kitu kifuate sheria. Basi hotuba iwe ndefu. Lutfi ataisoma."

Lutfi ndiye khatibu aliyekuwa ameteuliwa, kijana mwenye watoto watatu na sauti ya kumtoa nyoka shimoni. Tatizo ni kwamba kila siku alikuwa akiwagawia wanawe funda lake la maji. Siku ya Alhamisi ulimi wake ulivimba ukajaza kinywa, akalazwa katika nyumba ya wagonjwa asiweze kusema hata jina lake.

Anayejua Kiarabu cha kutosha, na Qurani kwa moyo, alibaki mmoja tu. Wana wa Siyu wa zama hizo walihifadhi wakiwa wadogo.

Budak alipopelekewa habari kwamba atakayesoma ni fundi, alipiga paja kwa furaha. "Yule bubu? Afadhali! Itakuwa fupi."

Ijumaa asubuhi Ruhsar, mke wa Shelali, alimvalisha kanzu nyeupe ya Lutfi. Ilikuwa fupi, vifundo vya miguu vikabaki nje.

"Miaka kumi na tisa nimelala na wewe," alisema akimfunga kilemba. "Ukiyakusanya maneno yako yote hayajai kikombe. Leo utasema nini kwa muda wa saa mbili na nusu?"

"Sijui."

"Usiniambie hujui!"

"Wewe utakuwa wa mwisho kuingia mferejini," Shelali alisema. "Ukifika kinuni, usisubiri."

"Nani kakwambia nitakutii?" Kisha akamshika mashavu kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa imepasuka, hata kumbusu kulimtoa damu. "Bwana, useme. Chochote. Kila neno lako ni mtu mmoja ametoka."

Alikuwa na funda lake la maji la siku hiyo katika bakuli la udongo. Alimpa. Shelali alikataa. Alimpa tena, naye akanywa, maana hapakuwa na nafasi ya adabu.

Adhana ya adhuhuri ilipolia lango lilifunguliwa. Budak aliingia na majoho yake na masharifu wake, wakubwa aliowapachika vyeo juzi, silaha wameziacha barazani kwa heshima ya msikiti. Safu zikajaa mpaka mlangoni. Mimbari ilisimama kulia kwa kibla, ngazi kumi na tatu, nyota zake za mjozi zikinukia upya. Budak aliitazama kwa mapenzi, kama mtu anayetazama farasi wake mwenyewe.

Shelali alipanda. Huko nyuma, kwenye sakafu ya hamamu, jiwe la kufunika mfereji lilikuwa tayari limeinuliwa.

Alianza kwa Kiarabu, kama sheria inavyotaka: kumhimidi Mungu, kumsalia Mtume. Kisha akasoma Qurani. Alisoma taratibu, sura moja baada ya nyingine, na kwa muda watu walifurahi kwa kisomo chake kizuri. Alikuwa amechagua dirisha la tatu upande wa machweo. Mwanga wake ulikuwa ukianguka kwenye nguzo ya kwanza. Utakapofika nguzo ya pili, ni alasiri. Kutoka nguzo hadi nguzo ni hatua kumi na nne. Aliujua umbali huo kuliko mtu yeyote duniani.

Mwanga ukasogea hatua mbili. Koo likaanza kukwaruza.

Mwanga ukasogea hatua nne. Aliacha kisomo, akaingia katika mawaidha kwa Kituruki, na hapo maneno yakamwishia. Akasimama mdomo wazi. Safu zikamtazama. Budak aliinua kichwa, akatabasamu, akakaa vizuri kusubiri jina lake.

Shelali alitazama juu asimwone. Akaona kuba.

"Enyi waja wa Mungu," alisema, "nyumba hii mliyoketi ndani yake ilianza kwa shimo."

Akawaeleza shimo. Akawaeleza jinsi walivyochimba dhiraa kumi na mbili wakakuta maji, wakapigilia magogo ya mreteni mia tisa kwenye tope na kumwaga juu yake chokaa iliyochanganywa na vumbi la matofali, kisha wakaacha msingi utulie miezi sita bila jiwe kuwekwa, watu wakimcheka Bibi kwamba amejenga bwawa. Akawaeleza mawe ya manjano, machimbo yaliyotoka, na ng'ombe sitini waliofia barabarani. Akazitaja nguzo nne kubwa, moja moja, na waashi waliozisimamisha, kwa majina yao na majina ya baba zao.

Hatua saba. Mmoja wa masharifu alimnong'oneza Budak kitu. Shelali alimnyooshea mkono.

"Mtume wetu amesema, ukimwambia mwenzako nyamaza wakati imamu anahutubu, umefanya upuuzi!"

Sharifu alifumba mdomo. Budak akawa mwekundu hadi masikioni. Alitazama kushoto na kulia: mia nne ya watu wake mwenyewe, wanaangalia kama atavunja adabu. Akabaki ameketi.

Shelali akaendelea. Akawaeleza mitungi sitini na minne iliyofukiwa ndani ya kuba, midomo ikitazama chini, ili sauti ya msomaji isipotee. Ndiyo maana yeye aliyepoteza nusu ya sauti yake bado wanamsikia. Akawaeleza mayai ya mbuni yaliyoning'inizwa kati ya taa ili buibui wasitande. Akawaeleza chumba kidogo cha juu ya mlango ambamo moshi wa taa zote unavutwa, na masizi yake hukwanguliwa yakawa wino wa kunakili misahafu, hata moshi wa nyumba hii usipotee bure. Akawaeleza kiunzi cha kuba, na akamtaja Toros mwana wa Hagop aliyekijenga, mtu mwaminifu. Alisema "mwaminifu" mara tatu.

Hatua kumi. Damu ilikuwa kinywani mwake na alikuwa akiimeza. Akashika kishikio cha ngazi. Kila alipohisi hawezi tena, alimwona mtu akitambaa gizani: sasa yule ajuza, sasa watoto wa Lutfi, sasa Lutfi mwenyewe juu ya mkeka. Akataja jiko, na masufuria yake, na kiasi cha ngano cha kila sufuria. Akataja hamamu, akasita, akaona heri asiitaje sana.

Budak alisimama. Kusimama si kusema. Alikuja hadi chini ya mimbari, akaweka kiatu juu ya ngazi ya kwanza, akainua kidole kimoja: jina langu.

Shelali alimtazama machoni. Kisha akafanya kile ambacho kila khatibu hufanya kati ya hotuba mbili. Aliketi kidogo, kama sunna inavyotaka. Budak, akidhani mwisho umekaribia, alirudi nyuma hatua moja. Shelali akasimama tena, akaanza hotuba ya pili kutoka mwanzo, kwa kumhimidi Mungu.

Huko kinuni mambo yalikuwa hivi. Walinzi wawili waliobaki walikuwa wamenuna kwa kukosa sherehe. Toros aliwaendea akihema.

"Ninyi mko hapa? Wenzenu wanagawiwa majoho! Mfalme mpya akisomewa hotuba humvika joho la heshima kila aliyehudhuria. Hamjui desturi?"

Waliijua desturi. Walikimbia bila kuaga. Njiani walimwambia kila waliyemkuta, na kambi nzima ikaanza kumiminika kuelekea msikitini. Nyuma yao, mlango wa mfereji ukamtoa mtoto wa kwanza, mweupe kwa chokaa, kisha mama yake, kisha mwingine, na mwingine. Toros aliwaelekeza kwenye msitu wa mlima, penye kijito. Wengine walipofika majini walizimia nyuso zikiwa ndani, ikabidi wavutwe nywele wasizame.

Wa mwisho alikuwa Ruhsar. Alitoka magoti yamechunika, akasimama, akasikiliza upande wa mji.

"Bado anasema?" aliuliza.

"Bado," Toros alimjibu. Haikuwezekana kusikia kutoka huko, lakini wote wawili walisikiliza.

Mwanga uligusa nguzo ya pili. Muadhini, aliyekuwa mnarani tangu adhuhuri akiangalia kivuli, aliinua sauti: Allahu Akbar.

Shelali alinyamaza katikati ya neno. Watu walitazamana. Budak alihitaji muda kidogo kuelewa. Kisha aliuliza, pole pole kabisa, "Umemaliza?"

"Wakati umetoka," Shelali alisema. Ilikuwa sauti ya mlango wenye bawaba kavu. "Ijumaa imebatilika, Agha. Salini adhuhuri yenu kadha, kuilipa."

Budak alipanda ngazi tatu kwa hatua moja, akamshika kanzu, akamburuta chini mpaka kichwa chake kikagonga ngazi zote kumi na tatu. Pengine angemuua palepale, lakini mlangoni palikuwa pamezuka ghasia. Mamia ya askari wake walikuwa wakisukumana kuingia wakidai majoho.

"Majoho gani?" Budak alifoka.

"Ya heshima! Umesomewa au hukusomewa?"

"Hakusomewa!" sauti ya ajuza ilishuka kutoka roshanini. Bibi Gulfidan alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, akicheka kwa pumzi yake ya mwisho. "Hana joho, hana hotuba! Rudini kwa ngamia!"

Kicheko kilianzia barazani, kikazagaa uwanjani. Mtu akatupa kiatu. Katika msukosuko huo wanaume hamsini wa Sarikale walitoka mmoja mmoja wakiwa wameinamisha vichwa kama wenye kutafuta ndara zao, wakafika hamamu, wakapita walikopita wake zao. Jioni Budak alikuta jiko tupu, madrasa tupu, nyumba ya wagonjwa tupu. Roshanini alimkuta Bibi Gulfidan ameketi, ameegemea nguzo, na hakuwa hai tena.

Usiku huo theluthi ya jeshi lake ilimwacha. Miji mitatu ilipopata habari haikufungua milango. Wiki ya pili Budak alikimbilia Uajemi na watu sitini, na nyuma ya farasi wake, kamba shingoni, alikokotwa Shelali bin Kae.

Ruhsar hakukaa eda wala hakulia matanga. Alichukua nyumbu mmoja wa Toros na kufuata njia ya Uajemi. Wafanyabiashara wa hariri walisema baadaye kwamba Budak aliuawa na watu wake mwenyewe kwenye kivuko cha mto, na kwamba huko Tabrizi yuko seremala mweusi asiye na sauti kabisa, anayewasiliana na wateja kwa chaki juu ya ubao, na mkewe ana ugomvi na nusu ya mtaa. Hakurudi Sarikale. Siyu nako hakurudi.

Ruhusa ya Sultani ilifika baada ya miezi kumi na mmoja. Lutfi alipanda mimbari ile, akasoma hotuba ya kwanza, na jina lake likachorwa kwenye jiwe la mlangoni, hadi leo linasomeka. Mwaka huohuo alipita mwandishi wa tarehe na historia za dola, mtu makini, aliyeuliza kila swali na kuandika tu kilichosihi kisheria. Kuzingirwa kule kote kumepata kwake mstari mmoja. Ameandika: "Ijumaa hiyo, Sarikale, hapakusomwa hotuba."